Ngiri na Marando ya Digidigi

Wivu wa Ngiri ulikuwa mkubwa kuliko tumbo lake, na tumbo lenyewe si dogo. Jirani yake, Digidigi, alitegemea tuta moja tu la viazi vitamu, na marando yake yalitambaa yakapendeza. Digidigi alipokwenda msibani, Ngiri aliyakata marando yote vipande vipande, akavikanyagia topeni kote hadi bondeni ili kuficha ubaya wake.

Mvua ikanyesha wiki mbili, na Ngiri hakutoka shimoni. Ilipokatika, akaenda kwa jirani na uso wa msiba.

“Pole, jirani. Nasikia shamba lako limeharibiwa.”

“Shamba lipi? Viazi vyangu sasa vimefika hadi bondeni. Njoo uone.”

Ngiri alikodoa macho. Karibu kila kipande kilikuwa kimeshika mizizi na kutoa majani mapya.

“Alama za kwato zako niliziona siku ileile niliporudi,” Digidigi alisema. “Ahsante kwa kunipandia. Vipande vichache vimeoza, maana ulivifukia kabisa, hata ncha. Mwakani ukija, kila kipande kiwe na vifundo vitatu, na ncha uiache nje.”