Kitasa cha Mlango wa Nyuma

"Kisifunguke kwa ndani, fundi. Hata kwa bahati mbaya."

Fundi wa vitasa alimtazama karani, lakini hakuuliza. Karani naye hakueleza, aibu ilimzuia.

Msaidizi wa fundi hakutokea asubuhi hiyo, kwa hiyo Baba, mzazi wa karani, ndiye aliyeshika mlango. Alikuwa seremala maisha yake yote. Jina la mwanawe lilikuwa limemtoka kichwani, lakini skrubu alizitoa kabla hazijaombwa.

"Toboa kwanza," alimwambia fundi. "Mbao hii ngumu, itapasuka."

"Ningempata mtu kama huyu, ningetajirika!" fundi alisema.

"Mchukue leo leo," karani alitania, na wote watatu wakacheka.

Likizo ya karani ilikuwa imekwisha. Leo Baba angebaki peke yake mpaka dada yake karani aje jioni. Wiki iliyopita mzee alitoka kwenda "kazini", akakutwa katikati ya barabara, malori yakimpigia honi. Karani alilia siku ile, na hakutaka kulia tena.

Alifunga mtungi wa gesi, akaficha visu na viberiti, akaweka chai kwenye chupa. Kisha akaingia chumbani kwake kumpigia dada yake simu, akajimwagia sifa.

"Na akitaka kutoka?" dada aliuliza.

"Atokee wapi? Hata panya hapiti!"

Fundi aliaga kwa sauti kutoka mlango wa nyuma. Karani akamjibu "Haya, fundi, kazi njema" bila kukata simu.

Baadaye alichungulia chumba cha Baba. Redio ilikuwa ikinong'ona, blanketi limetuna kitandani, ndara zimekaa pembeni. Mzee wa watu alikuwa amechoka. Karani akanyata kama mwizi, akafunga milango yote miwili kwa nje, akaenda kazini moyo mweupe.

Kabla ya chakula cha mchana simu yake iliita. Alikuwa fundi.

"Bosi, asante sana kwa kuniachia mzee. Kazi anaijua! Tuko kwa mteja mwingine, anataka kitasa kama chako. Ana baba yake anayesahau sahau, anaogopa atapotea. Ila mzee amegoma kukaza skrubu ya mwisho. Anasema yeye kijana wake hawezi kumfanyia hivi."