Mtihani wa Mzee Detlef

"Baba, Bwana Wulf akikuuliza jambo, mtazame mdomo," Gesche alisema polepole, akimfunga baba yake, Mzee Detlef, vifungo vya koti. 

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpiga kinanda cha mabomba na mtunzi wa kanisa hili la bandarini. Majira ya baridi yaliyopita masikio yake yalizima kabisa. Aliyejua ni Gesche peke yake, na wazee wa mji walikuwa wameanza kunong'ona. Wakipata uhakika, kinanda kingekwenda kwa mgane mmoja wa Hamburg, pamoja na nyumba, pamoja na Gesche, maana ndiyo desturi yetu: anayerithi kinanda humwoa binti wa aliyetangulia. Na mgane huyo alikwishazika wake wawili, wote wakiwa na michubuko. Nani asingeogopa?

Kanisani, Bwana Wulf wa baraza la mji hakupoteza muda. "Leo binti atakaa chini na sisi. Tunamtaka mzee peke yake."

Detlef akamtazama mdomo, akaitikia kwa kichwa, akapanda ngazi. Juu alimkuta Jochim, mkanyaga mivukuto inayosukuma upepo kwenye kinanda, akitafuna mkate, viatu vizito vya kazi anavyovaa kukanyagia vimening'inia begani.

"Unaogopa nini, mzee wangu?" Jochim akamtania. "Mwenye kazi ni mimi. Bila miguu yangu wewe unapapasa mbao tu."

Detlef akajilazimisha kucheka. Akaketi, akawapa wote mgongo, akavuta kamba ya kengele kumwashiria Jochim aanze kukanyaga. Akahesabu hadi kumi ili upepo ujae, kisha akaanza.

 Benchi lilikuwa linatetemeka, au ni yeye, hakujua. Akamwomba Mungu vidole visimwangushe, na havikumwangusha. Wimbo aliomtungia Gesche siku ya ubatizo wake ukapanda kichwani mwake, safi kuliko siku zote, bila kosa hata moja. Alipoinua mikono, machozi yalikuwa yanamtiririka. Mwanangu amepona, aliwaza.

Akageuka.

Chini, Gesche alikuwa amejifunika uso kwa aproni. Kando ya Bwana Wulf alisimama Jochim, kofia mkononi, viatu vya kazi bado vimening'inia begani.