Siku za Zamu ya Jemutai

Jina lake lilipoitwa tu, Mzee Elphas Makhanu aliinuka kwenye benchi, akaupita mlango wa chumba cha mionzi, akaenda zake chooni.

Jemutai alibaki mlangoni na faili mkononi, hasira zikimpanda. Hii ilikuwa mara ya nne. Saa nzima mzee alikuwa ameketi hapo na chupa yake ya maji, akanywa hadi tone la mwisho kama alivyoagizwa, halafu dakika ya mwisho anaenda kuyamwaga yote.

Mzee alikuwa akitibiwa saratani ya tezi dume, na tezi hiyo haitulii. Kibofu kikijaa, huikalisha pale pale ilipopimwa siku ya kwanza na kuusukuma utumbo kando. Kikiwa kitupu, tezi husogea na utumbo huteremka penye njia ya mionzi. Kusogea kwa upana wa punje ya hindi kunatosha mionzi ikose saratani na kuunguza utumbo usio na kosa. Kwa hiyo Jemutai hakuweza kumlaza mtu kwenye mashine kibofu kikiwa kitupu, hata abembelezwe vipi.

Cha ajabu, siku za zamu ya mwenzake Jeff picha za mzee zilikuwa safi, kila kitu mahali pake. Mwanzoni Jemutai alidhani ni haya za kiume, maana mgonjwa hushusha suruali ili alama za wino kiunoni zilinganishwe na mwanga wa mashine. Lakini Jumatano ilikuwa zamu ya Sue, mwanamke kama yeye, tena mdogo wake kwa miaka mitatu. Kwa Sue, mzee alilala bila neno.

Basi shida ni mimi, Jemutai alijiambia, na ikamuuma sana. Siku ya kwanza kabisa mzee alimtazama usoni mara moja, akasoma jina kifuani mwake, akaomba ahudumiwe na mtu mwingine. Tangu hapo hakuwahi kumpa mkono. Wakikutana ukumbini, huweka mikono nyuma na kubana ukutani, utadhani Jemutai ana upele. Hata kofia yake ya kijani, ambayo huwavulia wengine kwa mizaha, huishusha hadi kwenye nyusi akimwona anakuja. Kwenye faili, mahali pa jina la ndugu wa karibu, alikuwa ameacha wazi.

Ijumaa hiyo alipotoka chooni, Jemutai alimngoja mbele ya meza ya Jeff.

"Mzee, umekosa siku nne. Hii ugonjwa haingoji mtu. Unataka kupona ama hutaki?"

Mzee alimgeukia Jeff.

"Mwambie nataka kupona. Lakini mbele yake silali."

Watu wa kwenye benchi waliangalia pembeni. Jemutai aliingia ndani, akaandika kwenye faili: mgonjwa anakataa matibabu. Alijua daktari akisoma hayo Jumatatu, nafasi ya mzee itapewa mwingine, na foleni ilikuwa ya miezi. Hata hivyo akalifunga faili na kulipeleka.

Usiku hakulala vizuri, na Jumamosi ndiyo siku ambayo mchumba wake Joash alikuwa amepanga kumpeleka kwao, mtaa wa Section 58, akawaone wazazi wake kwa mara ya kwanza. Walitembea kutoka barabarani, Jemutai amebeba kifurushi cha sukari na majani ya chai, kimya. Siri ya mgonjwa haisemwi, hata kwa mchumba. Joash alidhani anaogopa wakwe, akamcheka kidogo, kisha akamweleza mambo ya nyumbani. Mama atamkumbatia mpaka achoke. Baba ni mtu wa gereji, siku hizi anaondoka mapema kila asubuhi, anasema anaenda kazini Salgaa, na kurudi amechoka kupita kiasi, lakini leo amebaki kwa ajili yake.

"Kitu kimoja tu," Joash alisema walipofika getini. "Baba usimpe mkono. Sisi Wabukusu, mzee na mke wa mtoto wake hawagusani, na hawezi kuvua hata shati mbele yako. Tangu nimwonyeshe picha yako Krismasi, hata jina lako hataji."

"Kwani hanipendi?"

"Anakupenda. Hiyo ndiyo heshima yenyewe."

Mama alimpokea kwa kumkumbatia kweli kweli, akamsukuma taratibu hadi sebuleni. Mzee mwenye kofia ya kijani aliinuka kwenye kiti, akaweka mikono nyuma, akabana ukutani ili Jemutai apite.