Matundu Madogo au Tumbo Wazi

Waliokuwapo chumbani walikuwa wanne: daktari wa upasuaji, mgonjwa, mumewe, na dada wa mgonjwa. Lililowakutanisha lilikuwa moja: utumbo wa mgonjwa uunganishwe tena kwa njia ipi, ili uondolewe mfuko wa kinyesi aliokuwa nao ubavuni tangu alipougua.

Daktari alichora tumbo kwenye karatasi. "Njia ya kwanza ni matundu madogo. Tunapitisha kamera na vyombo vyembamba. Maumivu ni machache, na baada ya siku chache mgonjwa yuko nyumbani."

"Kamera tumboni?" dada alidakia. "Jiandae, daktari. Huyu kameza maneno mengi tangu aolewe."

Daktari alicheka. Mume alitazama dirishani.

"Na njia ya pili?" mgonjwa aliuliza.

"Tunafungua tumbo. Kidonda ni kirefu, maumivu ni mengi, na kupona huchukua miezi. Hutainua hata ndoo. Utahitaji mtu wa kukuhudumia."

"Sasa ya nini kumtesa?" mume alisema upesi. "Kwa matundu, ataweza lini kujihudumia? Kuoga, kupika, kutoka peke yake?"

"Akijaliwa, kabla ya mwezi kwisha."

Mume alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Dada alimtazama kwa upole. "Shemeji, mwingine angekwisha kukimbia. Wewe mfuko unaubadilisha kwa mikono yako mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda, akaisafisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, akabandika mfuko mpya, kisha akapitisha kidole taratibu ukingoni ili usivuje. Mgonjwa alikuwa akiamka mapema, akijilaza kumngojea.

"Vipimo vinaonyesha matundu yanakufaa, mama," daktari alisema. "Lakini tumbo ni lako. Unasemaje?"

Mgonjwa aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa mumewe, machozi yalimlengalenga.

"Nifungueni tumbo."

"Wewe!" dada aliruka. "Umerukwa na akili? Ujipasulishe hivyo kwa sababu gani?"

"Nimeamua, dada. Shemeji yako ameniahidi kuwa hatanipa talaka mpaka nitakapopona."