Kahawa ya Wageni

Benitha alikuwa bado hajavua viatu vya safari mama yake alipomletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwao Nyabiyonza, kahawa hiyo hupewa mgeni.

Mkono wake ukasita. Mwaka mzima akiwa chuo kikuu, Dodoma, alikuwa akiingoja siku hii ya kurudi nyumbani.

"Mama, tangu lini mimi mgeni?"

"Ninyi wa chuo kikuu, nani anajua siku hizi mnapokelewaje?"

Benitha akaingia jikoni, akachukua kisu, akachuchumaa kumenya ndizi. Utomvu ukamganda vidoleni.

Mama akaokota ganda moja, akalipima kwa kidole gumba.

"Chuo kikubwa chote kile, na maganda yako bado manene!"

Akakirudisha kikapu kabatini.