Pilau ya Mama Shufaa

Siku hizi ladha ikishauzwa, mwenyewe haruhusiwi kuipika tena, hata nyumbani kwake. Mama Shufaa aliiuza ladha ya pilau yake kwa kampuni ili kuuokoa mgahawa wake. Mgahawa ukafa vilevile, maana wateja waliifuata pilau, hawakumfuata yeye.

Akabaki nyumbani na mumewe, Mzee Shekue, mgonjwa aliyekwisha kukikataa chakula. Leo mzee aliamka na hamu.

"Mama Shufaa, nipikie ile pilau yako."

Angepikaje? Juzi alithubutu, na kitunguu hakijapiga hata wekundu, kinusi, kile kidude cha kunusia harufu ambacho kampuni ilikifunga darini, kikalia, jiko likazimika lenyewe. Basi akaagiza ya kampuni, akaipakua kwenye sinia lao la zamani, akamlisha tonge.

Mzee akafumba macho. "Ndiyo yenyewe hasa, mke wangu."

Kisha akaushika mkono wake, akaunusa, kama alivyozoea tangu ujana wao kila mkewe alipotoka jikoni. Haukunukia kitunguu wala bizari. Akauachia taratibu, akafumbua kinywa kungoja tonge la pili.