Kamba ya Gari la Mtakatifu

Hebu niambie, mkono uliosugua magurudumu ya gari la mtakatifu tangu alfajiri, unaweza kuichafua kamba ya kulivutia?

Mjukuu wangu Arulappan aliyasugua, akayapaka mafuta ya nazi, akalivika gari lote mashada ya asumini. Kamba yenyewe, nene kama mkono wangu, ililazwa uani shuleni. Wavulana wa sekondari wakajipanga pande zote mbili, mashati meupe, wakingoja kengele ya sikukuu.

Alipoinama kuishika, Padri, mkuu wa shule, akamwita.

"Ebu wewe, njoo huku. Nyinyi watu wa tabaka la chini kazi yenu ngoma. Si baba yako anapiga mazikoni?"

"Huyo akivuta, gari litagoma!" mwenzake mmoja akadakia.

Wakacheka, na Padri akatabasamu. Akatabasamu, jamani, na rozari mkononi!

Ngoma ilikuwa imeegemezwa karibu na moto wa majani makavu ili ngozi ikaze. Hata mume wangu aliwahi kunyimwa kamba akapewa ngoma siku kama hii, akaipiga, nami nikasimama hapa hapa ukutani nimeuma upindo wa sari yangu.

Arulappan akaipokea. Nikajua yameisha, kama yalivyoisha siku zote.

Akaja nayo hadi kwangu, akaiweka miguuni pangu taratibu, ngozi ingali na joto la moto. Kisha akarudi kwenye kamba.

"Padri," akasema, "mimi nataka kuvuta."